Nani Alipie Saa za Kusubiri?

Mgonjwa ana karatasi ya kliniki mkononi: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, Jumatano, saa 2 asubuhi. Yeye anakaa Ijuganyondo, Manispaa ya Bukoba. Kati yake na dirisha la kuandikishia pale Bugando kuna njia ya matope, kuna stendi, kuna zaidi ya kilomita 400 za lami, kuna daraja moja refu, na kwa anayetaka kupita majini kuna Ziwa Victoria lenyewe. Aondoke lini?

Swali linaonekana dogo. Lakini ukilitupa kijiweni Bukoba, chai itapoa vikombeni kabla watu hawajakubaliana. Makala haya yanaliweka mbele ya sauti nne. Hazina majina kwa sababu si watu fulani. Ni hoja zilizopewa vinywa, za aina ambayo aliyewahi kusubiri usafiri Kagera hatazishangaa. Yupo mwalimu mstaafu. Yupo nesi. Yupo dereva aliyeendesha mabasi ya masafa marefu hadi macho yakamwambia basi. Na yupo kijana wa bodaboda, ambaye kama kawaida ndiye mwenye maneno mengi.

Mwalimu anaanza, maana hajaacha tabia ya darasani. "Watu wanahesabu kuanzia wanapoondoka. Hapo ndipo wanapokosea. Anzeni pale mnapotakiwa kuwa, mrudi nyuma. Saa 2 uwe dirishani. Kabla ya hapo ushuke stendi ya Nyegezi na uvuke jiji wakati kila mtu anakwenda kazini: toa saa moja na nusu. Kabla ya Nyegezi kuna saa saba au nane za barabara, na hizo ni za siku njema. Weka pancha. Weka ukaguzi wa polisi. Weka abiria anayeomba kuchimba dawa. Mpaka hapo utaona kwamba basi la alfajiri ya Jumatano limeshakushinda. Unatakiwa kuondoka Jumanne asubuhi ulale Mwanza."

"Mwalimu, waitu," kijana anadakia, "hesabu yako nzuri, ila haina bei."

Anaiweka bei mwenyewe. Mgonjwa hasafiri peke yake, kwa hiyo ni nauli za watu wawili. Kulala gesti. Kula mchana, kula usiku, chai ya asubuhi. Siku mbili za kibarua zimekwenda. Nyumbani kuna ng'ombe wa kukamuliwa na duka la kufunguliwa. "Kuwahi siku nzima kabla ni mambo ya mwenye nacho. Sisi wengine tunaomba Mungu basi lisiharibike."

"Mwanangu," nesi anamjibu, "anayefika saa 5 kwenye kliniki ya saa 2 naye analipa. Daktari bingwa ameshaona watu wake. Unapangiwa tarehe nyingine, wiki zinapita, nauli inatoka mara ya pili. Nimewaona wanaorudi mara tatu kwa ugonjwa uliohitaji mara moja."

Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa wa tabia na kuanza kuwa wa fedha, na ni vizuri ukabaki huko. Kuwahi kuna gharama, kuchelewa kuna gharama, na hazilingani kwa kila safari. Anayekwenda Muleba kumsalimia shangazi akichelewa saa mbili atakuta ndizi zimepoa, basi. Anayekwenda kwenye mtihani, usaili, mahakamani au kliniki ya bingwa akichelewa saa hizohizo mbili amepoteza safari nzima. Kununua muda wa ziada kwa safari zote mbili kwa kipimo kimoja ni ubadhirifu. Kutonunua kwa ile ya pili ni kamari.

Dereva amekuwa akisikiliza. Anapoanza hasemi habari za saa, anasema habari za vivuko.

"Nyinyi hamkuijua Busisi," anasema. Anachozungumzia ni ile sehemu ya ziwa kati ya Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema, ambako kila basi la kwenda au kutoka Bukoba kwa njia ya Geita lilikuwa lazima lipande kivuko. Maji yenyewe hayakuwa mapana kiasi cha kumtisha mtu. Foleni ndiyo iliyokuwa ndefu. Kivuko kikiharibika, au malori yakiwa mengi, saa mbili na zaidi zilikwenda huku abiria wakila mahindi ya kuchoma na kutazama ng'ambo wanayoiona lakini hawaifikii. Mgonjwa aliyekuwa na kliniki asubuhi alikuwa anapanga safari yake yote kuzunguka kitu kimoja asichoweza kukikadiria.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapo Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na foleni ile ikawa historia. Gari sasa linavuka kwa dakika chache. Ni mara chache sana katika maisha ya msafiri kipande kibaya kuliko vyote cha safari kinaondolewa chote kwa siku moja.

Dereva anakumbuka na mengine. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha. Basi lililotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, halikuweza kumaliza siku hiyohiyo. Lililala njiani, mathalani Kahama, abiria wakajikunja vitini au wakatandika khanga chini. Na katika mapori ya Biharamulo na Ngara kulikuwa na miaka ambayo mabasi yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. "Wakati ule hata ukitaka kupanga, ulikuwa unapangiwa. Askari hajafika, huondoki." Katazo la usiku liliondolewa mwaka 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipotangaza hivyo bungeni, na leo mtu anaweza kutoka stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, jioni kama anavyotoka asubuhi.

Kijana anaona ameshapewa ushindi. "Basi dawa ndiyo hiyo! Mgonjwa apande basi la usiku. Anasinzia kitini, gesti hailipi, alfajiri yupo Nyegezi, saa 2 yupo dirishani. Muda wa ziada umeupata bure."

Hoja ni nzito kuliko sauti inayoitoa. Basi la usiku ni muda wa ziada kwa bei ya chini, na mwalimu, ambaye alitarajiwa kupinga, anakubali kwa kutikisa kichwa. Anayepinga ni nesi.

"Bure kwa nani? Mtu wa presha akeshe kitini, miguu ivimbe, asinywe maji kwa sababu anaogopa kuomba gari lisimame, halafu asubuhi tumpime. Kile kipimo kitatuambia nini? Tutaandika namba ya safari, hatutaandika namba ya mgonjwa." Ananyamaza kidogo. "Na ajali za usiku zinapotokea, sisi ndio tunaoamshwa."

Dereva anatetea wenzake: safari ikizidi saa nane sheria inataka madereva wawili, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inafuatilia mwendo wa mabasi kwa satelaiti, na kila dereva ana kitufe chake cha kujitambulisha anaposhika usukani. Nesi hasemi kwamba hayo si kweli. Anasema tu kwamba kitufe hakizuii usingizi.

Kuna njia ya tatu, na kwa watu wa Bukoba wenye umri fulani haitajwi bila sauti kushuka. Meli.

Kwa muundo wake meli ndiyo usafiri uliomfaa mgonjwa wetu kuliko wote. Inang'oa nanga Bukoba usiku, inapakia bandarini Kemondo, na asubuhi ipo Mwanza. Mtu amelala amenyoosha mgongo. MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilisimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020. Kasoro yake ni ileile ya siku zote: haiondoki kila siku. Na hapo ndipo historia inapouma.

Jioni ya Mei 20, 1996 MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapakia Kemondo, na asubuhi ya Mei 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Idadi rasmi ya waliokufa ni 894. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza. Hakuna kata ya Bukoba wala kijiji cha Muleba kisichokuwa na familia inayoijua tarehe hiyo bila kuangalia kalenda.

Kijana hakuwa amezaliwa. Lakini anauliza swali ambalo wakubwa wake wanalikwepa: "Mwalimu, wale walioipanda Kemondo walichelewa? Si waliwahi? Walifika bandarini kwa wakati, na tiketi zao. Kupanga kwenu kuliwasaidia nini?"

Mwalimu anakaa kimya kwa muda, na anapojibu hajibu kama mwalimu. "Walikuwa na shughuli Mwanza asubuhi. Mwenye mzigo wa sokoni, mwenye mtoto wa shule, mwenye mgonjwa. Meli nyingine si ya kesho. Ukiiacha hii umekosa kila kitu. Mtu wa namna hiyo, akiona meli imejaa, atafanyaje? Atapanda."

Haya ndiyo maneno mazito kuliko yote yaliyosemwa katika mjadala huu, na mwandishi angependa msomaji asiyapite haraka. Siku ya ziada katika ratiba watu huidhani ni ya kufika mapema na kukaa kwenye benchi. Kazi yake kubwa ni nyingine: inampa mtu uwezo wa kukataa. Aliyeacha nafasi anaweza kusimama getini, akaitazama meli iliyozidisha, akasema nenda tu, nitakuja na nyingine. Anaweza kushuka kwenye basi ambalo dereva ananuka pombe. Asiyeacha nafasi hana sauti hiyo. Ameshaiuza kabla hajatoka nyumbani. Lakini hoja ya kijana haifi kwa hilo. Vyombo vikiwa vichache, kila kimoja hujaa, na huwezi kumlaumu abiria kwa uchache wa meli. Kujaza chombo kupita kiasi ni kosa la anayekiruhusu kiondoke.

Kuhusu ndege, somo ni lilelile kwa upande wa pili. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air namba PW494 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, karibu kabisa na uwanja, asubuhi ya mvua na hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43; kati yao 19 walikufa, na wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuwaokoa wengine. Tangu siku hiyo, anasema dereva, amegundua kitu kwa ndugu zake wanaopanda ndege: rubani akitangaza kwamba Bukoba haifai na wanarudi Mwanza kusubiri, zamani watu waligomba, siku hizi wanashukuru. Uwanja wa Bukoba uko ufukweni, na ziwa lina hali yake ya hewa. Anayepanga kushuka Bukoba saa 3 na kuingia kikaoni saa 4 hajapanga na ziwa.

"Tuache ndege," kijana anasema. "Tuzungumzie ninapopajua mimi."

Anapajua vizuri. Wote wamezungumzia kilomita mia nne. Yeye anataka kuzungumzia zile chache za kwanza, kutoka mlango wa nyumba Ijuganyondo, kupita migombani, hadi stendi. Bukoba ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini: karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Mwezi wa Aprili mvua inaweza kuanza usiku wa manane na kupambazuka nayo. Udongo mwekundu wa mteremkoni ukilowa, pikipiki haipandi, inacheza. Bodaboda aliyekuahidi saa 10 na nusu anaisikia mvua juu ya bati, anageuka upande wa pili, simu anaizima.

"Na mimi nafanya hivyo," anakiri bila aibu. "Kwa elfu mbili nivunje mguu?"

Hapa anatoa ufundi wake, na ni wa kuandikwa. Mzigo upelekwe stendi jana yake. Kama kuna ndugu anayekaa jirani na stendi au barabara kuu, mgonjwa alale huko usiku ule. Ni gesti isiyolipiwa. Bodaboda waambiwe wawili, wasijuane. Malipo ya usiku yakubaliwe mchana, kwa sababu saa 10 usiku, mvuani, na mgonjwa begani, huna nguvu ya kupatana. Na tochi iwepo, maana umeme wa Bukoba nao una safari zake.

Nesi anaongeza jambo ambalo limewapata watu wengi tangu mabasi yaanze kutembea usiku. Tiketi ya mtandao huandika saa kwa mtindo wa kompyuta. Ikiandikwa 06:00, karibu kila mtu anajua ni saa 12 asubuhi. Lakini ikiandikwa 00:30 tarehe 14, Jumamosi, msafiri anafunga mizigo Jumamosi mchana, anakwenda stendi Jumamosi usiku, anakuta gari lake liliondoka jana. Kwa hesabu yetu ile ilikuwa saa 6 na nusu, Ijumaa usiku. Ukikata tiketi ya namna hiyo, mwulize karani akutamkie kwa mdomo: usiku wa kuamkia lini?

Na kwa wanaovuka mipaka, mwalimu anachomeka neno: Mutukula hakuna shida, saa ya Uganda ni hiihii yetu. Rusumo ni habari nyingine. Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Ukienda Kigali umepewa saa ya bure. Ukirudi Ngara unadaiwa.

Kinachobaki ni ugomvi wa kweli, na unakuja pale kijana anapogeuza kidole. "Muda wote huu mnampangia abiria. Basi lenyewe je? Tiketi inasema saa 12, konda anasubiri viti vijae. Saa 12 na nusu bado anapiga debe. Mkungu wa ndizi unapandishwa buti, unashushwa, unapandishwa tena. Mwezi wa senene ndiyo kabisa, kila mtu ana ndoo ya kumpelekea shemeji Dar. Mimi niliyewahi nalipia uvivu wa aliyechelewa!"

"Linasubiri kwa sababu mnachelewa," mwalimu anasema.

"Tunachelewa kwa sababu linasubiri."

Wote wawili wana haki, na ndiyo maana mzunguko huo haukatiki kwa mawaidha. Atakayeukata ni mwenye basi atakayeondoka saa 12 kamili kwa wiki kadhaa mfululizo na kukubali kuacha watu, kwa hasara yake, hadi mji uzoee. Yapo makampuni yanayofanya hivyo, na abiria wake hawahitaji semina.

Dereva anasema wanasahau nani anayelipa dakika zile 30 mwisho wake. Ni yeye. Gari likishachelewa kutoka, ifikapo Muleba kuna abiria wa nyuma anayepiga kelele, kanyaga mzee, tumechelewa! King'ora cha mwendo kikilia wengine wanacheka. Anachukua kalamu ya mwalimu na kuandika nyuma ya gazeti. Kilomita 60 kwa mwendo wa 80, ambao ndio ukomo wa basi, ni dakika 45. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 36. "Dakika tisa! Na hizo unazipata kama barabara ni nyoofu na tupu, na ya kwetu haiko hivyo. Mtu aliyepoteza nusu saa stendi akinywa chai anataka nimrudishie dakika tisa kwa roho za watu 50." Kwenye vioo vya nyuma vya mabasi mengi pameandikwa Kawia Ufike, anasema, na aliyepaka maneno hayo hakuwa abiria.

Nesi anarudi kwa mgonjwa, ambaye katika kelele hizi alikuwa amesahaulika. Anauliza kama safari yenyewe ni ya lazima. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Chato iko njiani hukohuko, karibu zaidi kwa mtu wa Muleba na hata wa Bukoba, na baadhi ya huduma za kibingwa zilizokuwa Bugando peke yake sasa zinapatikana hapo. Tangu mwaka 2024 zimekuwapo pia kambi za madaktari bingwa zinazofika hospitali za wilaya. Kabla ya kuhesabu saa kinyumenyume, mtu aulize hospitali ya mkoa kama kuna mlango wa karibu.

"Na kama hakuna?" anauliza kijana.

"Basi la mchana la Jumanne, alale kwa ndugu."

"Asiye na ndugu Mwanza?"

Hapo hata mwalimu hana la kusema. Kijana anaona nafasi yake na kuitumia. LATRA, anasema, ina kumbukumbu za kila basi: liliondoka saa ngapi, lilisimama wapi, lilifika saa ngapi. Mambo hayo yabandikwe ukutani stendi kila mwezi. Si ratiba, bali saa za kweli. Kampuni hii, mwezi uliopita, ilifika Nyegezi saa ngapi siku mbaya kuliko zote? Mtu akijua hilo hatahitaji kulala gesti kwa woga, au ataona wazi kwamba gesti ni lazima.

Mwalimu anadhani watu hawatasoma. Dereva anadhani wenye mabasi watabandua karatasi kabla gundi haijakauka.

"Mimi ningesoma," anasema nesi. "Na kabla ya kumwombea mgonjwa miadi ya saa 2 asubuhi, ningewapigia simu Bugando niwaombe saa 5."